Kuna Mzee Nilimwacha Nyuma

Weka chini unachofanya usome. Niko sakafuni na viatu vyangu, kuinama kuvivua siwezi. Usinipigie, hata sauti sina.

Zile mbio za milima mitatu kwa siku moja nimezimaliza. Subiri kwanza, usinipongeze.

Si unajua nilivyotamba pale saluni, eti miguu iliyozoea kusimama kutwa nikisuka watu haiwezi kushika mkia? Basi, tangu mlima wa pili nyuma yangu alikuwa mzee mmoja tu, begi mgongoni. Kila nikigeuka namkuta ameinama. Nikajua pumzi imemwishia. Moyo ukatulia, mwenzangu. Wa mwisho si mimi!

Nikawa namsubiri. Nikampa maji yangu. Nikamtia na moyo: "Jikaze baba, usione haya. Lazima wa mwisho awepo."

Nilimwambia hivyo. Mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Akaitikia tu, "Asante, mwanangu."

Tumefika chini jua linazama, watu wanakunja mahema. Mzee akafungua begi, akamwaga vibendera. Vile vyekundu vya kutuonyesha njia! Kumbe kazi yake ni kumfuata mkimbiaji wa mwisho akiving'oa. Ndiyo maana alikuwa akiinama.

Akanipigapiga begani: "Usione haya, mwanangu. Lazima wa mwisho awepo."

Kesho nitachelewa, ngazi za saluni siziwezi. Wakiuliza, waambie kuna mzee nilimwacha nyuma. Si uongo.