Mikono ya Kubangulia Korosho

Shambani kwa Mzee Hendriki,
Jumapili, mchana.

Mke wangu Mama Zuhura,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya karakana, na kalamu nimeikamata kama mtoto anayeanza shule. Sababu utaiona mbele. Mimi ni mzima wa kutembea na kula. Nanyi hapo Newala, hamjambo? Mguu wa mama bado unamsumbua? Mwambie mwanawe anampa shikamoo, na aache ubishi wa kuteremka bondeni kuchota maji. Mikorosho imeshika maua, au ule ugonjwa wa unga umeyala tena? Na wewe mwenyewe, kifua kimepona? Ukiandika "sisi wazima" halafu ukarukia habari nyingine, najua kuna kitu umekificha.

Mzigo wako umefika. Ameuleta Joakimu, yule Mmakonde wa Mueda ninayefanya naye kazi, ambaye alikwenda kwao kuzika, akavuka Ruvuma kwa ajili yangu tu. Nimepata chupa ya mafuta ya nyonyo, korosho ghafi ulizozifunga kwenye kipande cha khanga, na barua. Ile khanga niliinusa kabla ya kuifungua. Nililia, Mama Zuhura, na sioni haya kukuambia.

Umeniandikia kwamba kiwanda chetu kimepata mnunuzi, popo wamefukuzwa darini na meza za kubangulia zimeoshwa. Umesema huyo mnunuzi hataki cheti wala barua ya mwenyekiti wa kijiji, anataka mikono. Kila mbanguaji wa zamani ataitwa mezani, apewe korosho, abangue mbele yake, na atakayezitoa nzima ndiye atakayeajiriwa. Ukamalizia: "Baba Zuhura, hakuna aliyekushinda katika chumba kile, hata mimi. Rudi." Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea. Kiwanda kilipofungwa, nikapanda basi la Masasi na begi langu, nilikuapia kwamba siku kikifunguliwa nitarudi hata kwa miguu.

Zuhura mwanangu, najua wewe ndiye unayemsomea mama kwa sauti. Ukifika hapa mpe barua asome mwenyewe, hata kama ni kwa kusuasua. Wewe nenda kamtazame bibi.

Mama Zuhura, sijawahi kukueleza kazi yangu sawasawa. Nilikuambia naosha vyombo vya shaba, ukadhani ni masufuria ya wazungu. Hili ni shamba la wanyamapori. Wageni wanakuja kuwinda, na kabla ya kwenda porini wanashinda uwanjani wakijaribu shabaha. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba ya manjano linabaki, na Mzee Hendriki, kaburu mwenye shamba, halitupi. Tunayaokota, tunagongoa fataki iliyokufa kwenye kitako, kile kidude kinachowasha baruti, kisha yanakuja kwangu yakiwa meusi kwa moshi wa baruti. Nikiyaosha, mzee mwenyewe anayatia fataki mpya na baruti, yanapigwa upya. Nilitoka kwenye maganda ya korosho nikaja kwenye maganda ya risasi. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu.

Ndoo zimepangwa mstari. Kwanza maji ya moto na sabuni. Inayofuata ndiyo yenye shughuli, maji yaliyotiwa tindikali kama ile ya betri ya gari, pamoja na unga fulani wa rangi ya chungwa ambao mzee anaupima mwenyewe na hataki mtu aushike. Ganda linaingia jeusi, ukilikoroga kidogo linatoka linang'aa kama pete ya harusi. Ukilisahau mle linageuka jekundu la kupauka, maana tindikali imeanza kuila shaba yenyewe, na hilo ni la kutupa. Halafu linapita kwenye maji ya magadi ya kuua ukali, kisha maji safi, na safi tena, ndipo tunaanika juani. Maji wanayoyamwaga hapa kwa siku moja kitongoji chetu kingeyafanyia sherehe. Mwanzoni nilikuwa nageuza uso nisione.

Sasa unajua wewe kwamba mbanguaji hagusi korosho kabla hajajipaka mafuta ya nyonyo, vinginevyo utomvu wa ganda utamchuna ngozi. Mkono umeshazoea hivyo. Nilipoiona ile tindikali nikafanya kama tulivyofundishwa mezani, nikajipaka mafuta yako, yale niliyokuja nayo begini, mpaka kwenye viwiko, nikaanza kazi. Mikono ikakaa salama kabisa. Joakimu akawa ananitania kwamba nanukia kama mtoto mchanga.

Ikaja siku wageni wako uwanjani, mmoja akavuta bunduki ikalia "tik" basi. Akaweka nyingine, tik. Mzee Hendriki akazibeba zile risasi mpaka karakana, akazifungua mezani, baruti imeshikana kama unga ulionyeshewa. Akaja moja kwa moja kwangu, akaushika mkono wangu akaunusa.

"Mafuta! Ya nini mafuta?"

Joakimu anaijua lugha yao, akanijibia. "Kwao ndivyo wanavyofanya kazi, mzee. Korosho zinaunguza."

"Hapa hakuna korosho. Mafuta yakiingia ndani yanaua fataki. Siku nyati akimgeukia mgeni bunduki ikasema tik, mimi nitamwambia nini mkewe? Achague, mafuta yake au kazi."

Sikumlaumu, maana alilosema ni kweli. Nikachagua kazi. Glavu zilikuwapo mwanzoni, zikatoboka, tukaambiwa nyingine zinakuja. Mpaka leo zinakuja.

Kwanza ngozi ilikauka ikapasuka. Baadaye vikatokea vishimo, vidogo vya mviringo, kwenye vifundo na kwenye ncha za vidole, kingo zake ngumu. Ajabu yake haviumi. Vingekuwa vinauma ningeacha mapema. Joakimu anavyo hata ndani ya pua. Vikifunga vinaacha ngozi nene kama ya kisigino, na siku hizi nikishika kitu najua nimekishika kwa kukitazama.

Sikukuandikia hayo kwa sababu nilijiambia yatapita. Kisha ukaja mzigo wako.

Leo asubuhi nimezikaanga korosho zako juu ya kipande cha bati, moshi ukapanda mpaka mbwa wa mzee wakakimbia. Nikachukua mafuta yako nikajipaka, kama tunavyofanya, na hapo ndipo moyo uliponishuka, maana sikuyasikia ngozini. Niliyaona tu yakimetameta vidoleni. Joakimu akakaa mbele yangu akajifanya mnunuzi, amekunja nne, tumbo amelitoa nje.

"Haya fundi, tuone mikono."

Nikagonga kwa jiwe, korosho ikatoka vipande. Nikasema kosa ni la jiwe, nikatafuta jiwe jingine. Ikatoka vipande. Wewe unajua kwamba ukigonga lazima kidole kisikie pale ganda linapoachia, ndipo unapunguza nguvu. Kidole changu hakikusikia kitu. Moja ilikaribia kutoka nzima, nikaanza kuimenya ile ngozi nyembamba ya ndani, nikaibinya kwa nguvu ambayo sikujua ninayo, ikasagika.

Joakimu akaacha mchezo, akamwita Mungu kwa Kimakonde. "Nnungu wangu, Hamisi. Pumzika, ndugu yangu."

Sikupumzika. Nilizibangua zote mpaka khanga ikabaki tupu. Hakuna iliyotoka nzima, Mama Zuhura, hata moja. Tukavila vile vipande, na utamu wake ni ule ule wa nyumbani.

Nimekata tamaa, mke wangu, sina neno jingine. Taabu za huku nilikuwa nazivumilia kwa sababu niliona napita tu, kwetu kuna kazi inayonijua. Kumbe kila siku nilikuwa naiharibu kwenye ndoo mimi mwenyewe. Nikija, nitakaa mezani mbele ya watu walionijua, nitoe vipande, wapokezane kucheka hadi Masasi. Nisipokuja bila kueleza, wataanza kukuambia nimeoa huku. Sijaoa. Nani atamtaka mtu wa mikono hii? Kurudi nataka, ila sijui lini, wala sijui nikirudi nitakuwa nani hapo nyumbani.

Basi nisikilize. Meza yako ilikuwa inatazamana na yangu. Korosho zako zilitoka nzima kama zangu, ila ulikuwa unaongea sana, ndiyo maana msimamizi alinisifu mimi. Tangu kiwanda kifungwe umeshika jembe tu, na jembe halijamnyang'anya mtu vidole. Siku wakiita majina, usiseme mume wangu yuko njiani. Nenda wewe.

Mpe shikamoo mama, mwambie nakula vizuri. Mpe shikamoo mjomba, na umwambie ule mkorosho wa mpakani asiukate mpaka nije. Msalimie shemeji yangu fundi cherehani na mkewe. Zuhura mwambie mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na safari hii si utani. Wote waambie niko kazini. Haya mengine yabaki kwako.

Khanga nimebaki nayo. Chupa inarudi na mtu aliyebeba barua hii, na mafuta yamo, nimetumia kidogo tu. Usinikamulie tena. Siku ya kwenda, jipake wewe, mpaka kwenye viwiko. Jipake taratibu, uyasikie.

Mumeo,
Baba Zuhura