Jina la Mtu wa Kunipokea

Ipuli, Tabora
Jumamosi, mchana

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Najua umeiona bahasha ukashtuka, ukasema kuna msiba, maana siku hizi nani anaandika barua? Hakuna msiba. Kaa chini, dada, nyoosha miguu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unaniwahi. Nikianza tu kulisema jambo, mara salio linakwisha, mara maharage yanaungua, na mimi nabaki nimeshika simu kama zuzu. Karatasi haina salio. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Haya, habari za Maneromango? Miguu yako bado inavimba jioni? Shemeji kikohozi kimempa nafuu? Mimi ni mzima kwa kipimo cha mgonjwa: nakula, nalala, naswali nimekaa. Mgongo ndio haujakubali. Daktari kasema ni kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Nikamwambia, daktari, kifua si kikae kifuani, huku mgongoni kinatafuta nini? Alicheka, lakini dawa hakunipunguzia. Kasema hiki changu hakiambukizi, na nakuandikia hilo makusudi ili usihangaike na vikombe. Natembea kwa fimbo hadi msikitini, nikirudi natweta kama nimetoka kulima.

Sasa habari yenyewe. Nimeacha kazi.

Usianze astaghfirullah zako, nisikilize kwanza. Unajua kazi yangu pale kiwanda cha asali. Naenda na gari Tura na vijiji vya huko porini, nanunua asali kwa warina, napakia mapipa, narudi nayo mjini kuchuja. Mtu asiyeweza kuinua ndoo ya maji ya kuoga ataliinua pipa la asali? Kusema kweli wamenivumilia. Walinilipa mshahara mzima, baadaye nusu, na hiyo nusu nayo ilikuwa ukingoni. Wenzangu mwanzoni walikuwa wanajaa hapa kila Jumapili. Wakapungua, wakapungua, nikawa nazisikia sauti zao tu wakipita barabarani kwenda kutazama mpira. Siwalaumu. Ugonjwa mrefu unawachosha hata wanaouangalia.

Ningeacha mapema, ila watu walinijaza hofu. Kila aliyekuja alikuwa na lake: "Usithubutu! Ukiacha kazi ukiwa kitandani, likizo yako imekufa. Hata nauli hupati." Nami nikaamini. Nikawa nimelala hapa kama mlinzi wa likizo yangu mwenyewe, siwezi kurudi kazini, siwezi kuondoka. Mke tuliachana, mtoto hatukujaliwa, haya unayajua. Basi siku nzima ni mimi na bati la juu, likipata jua linalia, likipoa linalia.

Aliyenitoa hapo ni mwenye nyumba wangu, Mama Sesilia. Ni Mnyamwezi wa upande wa Kipalapala, mjane, mtu wa kanisani kwelikweli, na ni mtani wangu. Unakumbuka bibi alivyokuwa akisema, Wanyamwezi ni watani wetu tangu walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani kwenda Pwani? Basi huku utani bado uko hai. Tangu nimepanga kwake hajawahi kuniacha salama. Asubuhi namwambia "Mwangaluka, mama," kwa lugha yao, yeye ananijibu, "Mzaramo, kumbe hukufa? Na mimi nimeshagawa vyombo vyako!" Nami namwambia, "Nikifa utanibeba wewe, si ndiyo kazi ya babu zenu?" Kuku wangu alimchukua mbele ya macho yangu, akamchinja, akaniletea shingo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nani mwingine huku ana haki ya kuniibia kuku?

Kipindi mgongo ulipokolea, nikawa siwezi kujigeuza, Mama Sesilia aliingia asubuhi na uji. Akauweka chini taratibu. Akasema, "Umeamkaje, baba? Pole sana, baba."

Dada, niliogopa kuliko siku daktari aliponionyesha picha ya mifupa. Mtani akikuonea huruma, umekwisha. Nilimchokoza, nikamwambia uji wa kipagazi huu hauna sukari. Akanijibu, "Nitakuongezea, baba." Alipotoka nililia, mtu mzima mimi, machozi yakaingia masikioni. Na siku zote zilizofuata ikawa hivyo hivyo, pole baba, pole baba. Nyumba nzima ikawa na adabu. Sijawahi kuwa mpweke kama katika ile adabu.

Jumatano wiki hii nikamwambia, mama, nimechoka, twende ofisini, wakininyima haki na waninyime. Akakodi bajaji, akanishika mkono kama mtoto wa kupelekwa sindano. Afisa utumishi ni binti tu, mpole, akanivutia kiti. Nikamwambia nataka kuacha kazi, na nikamtajia yale maneno ya watu. Akatikisa kichwa.

"Baba, nani kakudanganya? Wewe ulilala, likizo yako haikulala. Kuugua si kutoka kazini. Siku za likizo ambazo hukuchukua tunakulipa pamoja na mshahara wako wa mwisho, na cheti cha utumishi unapewa. Toa notisi ya mwezi mmoja, utaimalizia huko huko kitandani. Na kwa kuwa tulikuajiri kwenu, tutakurudisha kwenu, wewe na mizigo yako."

Mama Sesilia akanigeukia. "Umesikia, Mzaramo? Ungekufa na haki yako unaichungulia! Mlizoea kucheza ngoma, kuuliza hamjui."

Wallahi nusura nimkumbatie. Utani wa kwanza tangu ule uji! Nikajua basi, sifi leo wala kesho. Tukacheka sote, na yule binti akacheka ingawa hakujua tunachekea nini. Akanipa karatasi ya notisi nikatia saini, akasema, "Gari letu la asali linashuka Dar es Salaam mwisho wa mwezi ujao. Dereva atakufikisha hadi mlangoni. Nitajie jina la mtu wa kukupokea, maana sisi hatuwezi kumshusha mgonjwa na mizigo mahali pasipo na mtu."

Mwanahawa, namba yako naijua kuliko jina langu. Lakini mdomo ulikataa. Nilikuwa nasikia ulivyoniambia mara ya mwisho: "Usikurupuke, mdogo wangu. Hapa pamebanana. Vumilia kwanza." Chumba changu najua kina mpwa wangu na mkewe, sasa na kichanga. Nikamwambia binti wa watu nitamjibu Jumatatu. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

Kwenye bajaji Mama Sesilia akaanza tena utani wake: "Kumbe nilipangisha mtu asiye na kwao!" Nikataka kumjibu. Nikageuza uso nikatazama barabarani. Akaniona. Tulipofika akaniketisha kwenye kigoda, akasema, safari hii bila mzaha:

"Chumba hapa kipo, na kodi siitaki. Lakini nisikilize. Mimi ni mtani wako. Ukifa, nitachimba, nitazika, nitakula pilau yako na kukutukana juu ya kaburi, hiyo ndiyo kazi yangu na nitaifanya vizuri. Kuuguza ni kwa ndugu. Usinipe kazi ya dada yako wakati dada yako yuko hai."

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Nimekasirika, dada, siwezi kukuficha. Nimekukasirikia wewe, nimeukasirikia mgongo, nimemkasirikia hata yule mama wa watu aliyesema kweli. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na hamu tu. Nina hamu ya mihogo ya kwetu iliyotiwa nazi. Huku wananipa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ni vitamu na nimevizoea, lakini anayenipa haniiti Shabani. Huku mimi ni Mzaramo, ni mgonjwa, ni mpangaji wa chumba cha nyuma. Nataka kuitwa jina langu na mtu aliyenibeba mgongoni.

Chumba sikiombi, mpwa wangu asihame, kichanga kisisumbuliwe. Barazani kwa marehemu mama panatosha, nitazungushia turubai. Nitakachokuja nacho si cha kujengea nyumba, lakini hakitanifanya mzigo kwa miezi kadhaa, na mikono yangu haiumwi, nikikaa naweza kusuka, kumenya, kuchambua mchele. Kujisaidia naenda mwenyewe. Nalisema kwa sababu najua ndilo mnaloliogopa na hamwezi kuliuliza.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya kikohozi nitamletea, asali ya porini, si ile ya kuchanganywa na sukari. Nisalimie mpwa na mkewe, na kichanga mumbusu, ingawa hanijui. Kaka yetu mkubwa wa Mzenga akipita mpe shikamoo yangu. Na yule mke wa marehemu baba mdogo, anayejifanya hasikii, mwambie kwa sauti kubwa kwamba naja.

Ndiyo, naja. Nilipoanza barua nilikusudia kukuuliza kama nije. Sasa nimeona kukuuliza ni kukupa kazi ya kutafuta maneno, na maneno yako nayajua, yatakuwa matamu na yataniacha hapa hapa. Jumatatu nakwenda ofisini nataja jina lako. Mwanahawa binti Mfaume, dada yake, Maneromango. Kama huwezi kunipokea, dada, usinijibu kwa barua wala kwa simu. Subiri gari lifike, toka mlangoni, unitazame, unikatae hapo hapo kabla dereva hajazima injini.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Shabani