Bastola ya Shemeji Ndani ya Fensi

Dada Clementina,

Walipomfunga shemeji Gilbert pingu alikuwa bado na nyundo mkononi. Polisi mmoja ikabidi amwondolee nyundo kwanza, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Shemeji akanitazama mara moja tu. Halafu akawaambia kwamba bastola ni yake, leseni iko kwenye droo, na aliyemnyooshea mtu bastola Jumamosi ni yeye mwenye yadi, hakuna mwingine. Wakampandisha gari. Hiyo ilikuwa juzi Jumatatu asubuhi.

Naona nimeanza vibaya, hata sijakusalimia. Shikamoo dada. Mguu wa mama unaendeleaje? Irene anakwenda shule? Mimi mwili mzima, ila chakula hakipiti. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanijua, nanyamaza mpaka vocha inaisha. Marcelline, yule mama wa Kongo anayetupikia, ataipiga picha hii barua akutumie. Mwandiko uvumilie, darasa la tano ndiyo hilo.

Najua wakwe zako wameshakufikia. Wamekwambia mume wako, mzee wa kanisa, kamtolea mtu bastola siku ya Sabato. Najua na wewe hulali. Leo saa nne anapandishwa mahakamani, na hatujui kama atapewa dhamana au atarudishwa ndani. Kwa hiyo isome yote, dada, usiichane katikati.

Yadi yetu iko Jacobs, viwanda mbele, viwanda nyuma. Tunachukua paleti zilizovunjika, zile mbao za kupangia mizigo, tunazigonga upya, viwanda vinazichukua tena. Mwaka juzi tulivamiwa, unakumbuka, wakamfunga shemeji mikono na waya wa umeme. Ndiyo akaomba leseni ya bastola. Alisubiri sana, akapata kwa sababu ana kibali cha kudumu cha kuishi huku. Basi barabarani anaifunika na shati vizuri kabisa. Akishapita geti tu, shati anachomekea, bastola inabaki wazi kiunoni, dereva wa kiwanda aione, muuza misumari aione, paka aione.

Marcelline alimwambia, papa Gilbert, ile kitu iko inaita watu, haiko inafukuza. Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Akasema mama, hapo nje kwenye robot, hizo taa za barabarani, ni Afrika Kusini, ila ukishaingia fensi hii umefika Tarime. Kwetu nani anakuja kumuuliza mwanamume bomani kwake ameshika nini? Na mimi niliamini, dada. Baba alikaa na upinde na mishale mlangoni miaka yote, nani alimuuliza? Marcelline akasema sawa, Tarime yenu iko inalipia kodi kwa Mhindi kila mwezi, akaenda zake kupika.

Jana akaja wakili, dada mmoja wa Kenya anaitwa Ngina, na viatu vyeupe kwenye vumbi la mbao. Watu wa kanisa walikuwa wameshajaa ofisini, kama saba hivi. Mimi nilikaa nje ya mlango nang'oa misumari, masikio yako kwao. Mmoja wa kwaya, wote tunamwita Shem, ndiye alikuwa na sauti. Anasema Gilbert alikuwa kanisani toka saa tatu mpaka saa saba, tena aliongoza somo, tulimwona wote, na kesho tunakwenda kusema mbele ya hakimu kwamba huyo anayemshtaki ni mwongo. Wenzake wakasema amina. Ngina akawangoja wamalize. Kisha akauliza, kama bwana Gilbert alikuwa kanisani, bastola ilikuwa na nani?

Mimi nikawa nang'oa msumari mahali ambapo hapakuwa na msumari.

Shem akasema lakini wakili, si yadi yake binafsi hii? Mtu kwake si ana haki? Ngina akasema hilo neno analisikia kila wiki. Leseni ina jina la mtu, haina jina la yadi. Mwenye bastola akimpa asiye na leseni akabaki nayo peke yake, wote wawili wana kesi, aliyetoa na aliyepokea, hata kama hawakukanyaga nje ya geti. Na kumnyooshea mtu ambaye hajakutishia maisha ni kosa jingine juu ya hilo, kwako au sokoni, hakuna tofauti. Akasema pia mtu akiwadanganya polisi kumfichia mwenzake, hapo amejiongezea mzigo mwenyewe. Shem akasema eish, akakaa. Ngina akatoka nje. Akaangalia ovaroli za bluu kwenye kamba, mbili, yangu na ya shemeji, zinafanana. Akaniangalia na mimi. Sikuinua uso.

Dada, sasa nasema. Aliyeshika bastola Jumamosi ni mimi.

Sabato yadi inafungwa, shemeji anakwenda kusali, mimi nabaki kulinda. Na yeye kanisani haingii na chuma, aliapa hivyo toka mwanzo. Sefu iko, imefungwa ukutani kwa bolti, lakini alisema mwizi haoni kilicho ndani ya sefu. Basi kila Sabato, kabla ya kuvaa koti, alikuwa ananifunga mkanda kiunoni kwa mikono yake, anaukaza matundu mawili zaidi kwa sababu mimi ni mwembamba, ananiambia simama wima, usiiguse, wewe ivae tu. Miezi minne hivyo. Sikukataa. Niseme ukweli wote, niliipenda ile siku. Wiki nzima mimi ni yule kijana wa misumari, madereva wananiita kwa kupiga mluzi. Sabato wakipita hapo fensini wananiita boss, wanasema sharp, boss, ndiyo salamu yao ya huku.

Jumamosi nikaacha geti dogo wazi, namsubiri Marcelline na chakula. Akaingia mzee mmoja, Bwana Cele, na pikapu ameiacha nje. Alishaambiwa paleti zake ziko tayari, hakujua kwamba Sabato tunafunga. Nikamwambia kwa Kizulu changu kibovu kwamba leo hapana, arudi kesho. Akacheka. Hakunitukana, dada. Hakunitishia. Alicheka jinsi ninavyoongea, akanipigapiga begani kama mtoto, akaenda akaanza kubeba paleti. Nikamwita mara mbili, hakugeuka. Nilikuwa nataka ageuke tu. Basi nikaichomoa.

Akageuka. Akaachia paleti, akainua mikono. Na kule nyuma yake, kwenye dirisha la pikapu, kulikuwa na binti yake mdogo anakula chipsi, akaacha kutafuna. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Marcelline ndiye aliyenikuta, akaweka sufuria chini, akaja akaushusha mkono wangu mwenyewe. Bwana Cele akaingia kwenye pikapu akaondoka, na ndiye aliyekwenda polisi.

Shemeji aliporudi nilimwambia yote. Akakaa juu ya paleti na suti yake. Akasema yeye ndiye aliyenivalisha, basi ni yake. Akasema mimi sina leseni, na karatasi yangu ya kukaa hapa imebaki miezi miwili, wakinikamata nimekwisha. Yeye ana leseni, ni bastola yake kwenye yadi yake, watampiga faini wamwache. Ndivyo alivyojua. Mimi nikanyamaza, kama kawaida yangu, nikaacha wamchukue mbele ya macho yangu. Mumeo hakumnyooshea mtu kitu, dada. Kosa lake ni kunivalisha tu. Usikubali mtu yeyote akwambie zaidi ya hapo.

Asubuhi hii nimempigia Ngina nikamwambia. Hakushangaa. Amesema hawezi kutusimamia wote wawili, ila amenitafutia wakili mwingine. Nimemuuliza nitafungwa? Amesema hawezi kuniahidi kitu.

Msalimie mama, mwambie nakula. Irene mwambie mjomba anamkumbuka. Kama mtaniombea, muanze na shemeji.

Naondoka sasa, Marcelline ameshasimamisha taxi ya mjini hapo getini, anapiga kelele nitoke. Bwana Cele naye ameitwa leo mahakamani. Shemeji ni mfupi, ana kipara, mzee akimwona tu atasema siye huyu. Lazima nifike kwa wakili kabla ya saa mbili, nikaseme mwenyewe, kabla yule mzee hajaanza kutafuta sura yangu.

Mdogo wako,
Marwa