Wino Mwekundu wa Mama Dorika

Rungwa, 14 Februari 1937

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na dada Damari, pamoja na hao walimu wanafunzi wako wanaokuumiza kichwa kila mwaka. Mimi sijambo, ila mgongo tu, maana lori la machimboni tulilopanda Itigi lilikuwa likikwama penye mchanga, na abiria ndio ng'ombe wa kulivuta.

Shule yenyewe ni banda la nyasi lisilo na mlango. Watoto wanakuja wakinukia moshi na asali, maana baba zao karibu wote ni warina asali. Wananipenda, lakini nikisema Kiswahili wananitazama mdomo kana kwamba natafuna kitu. Kwao ni Kikimbu, nami sijui hata neno la kuombea maji. Mama, tangu utoto nimekusikia ukiwaambia walimu kwamba mtoto asianzishwe kusoma kwa lugha asiyoiota. Sasa huyu mwalimu asiyeijua ndoto ya mtoto afanyeje?

Neno la misheni unalijua. Mwisho wa mwaka mkaguzi atakuja. Darasa la kwanza likisoma, shule inabaki, lisiposoma inafungwa. Na najua ni wewe uliyesimama mbele ya wazee ukasema nitumwe mimi. Sitaki wakucheke kwa ajili yangu.

Ungo wako wa majivu nimeutoa siku ya kwanza. Wanaandika kwa kidole, wanautikisa, herufi inapotea, wanacheka na kuandika tena. Hapo hatuhitaji lugha.

Barua hii itarudi kwangu na wino mwekundu kama zinavyorudi za wanafunzi wako wote, nami nitaiandika upya, safi, nikuletee. Desturi ni desturi. Ila unionee huruma kidogo, nimeandikia gotini.

Mwanao,
Simeoni


Ulemo, 20 Machi 1937

Mwanangu Simeoni,

Marahaba. Sisi wazima, mtama unatoa masuke, na Damari anakusalimu. Amekufungia mlenda mkavu, akisema huko wasije wakakulisha asali mpaka ukasahau kwenu.

Barua yako nairudisha. Maneno ni mazuri, lakini mkia wa g yako unaning'inia kama wa mbuzi mgonjwa. Goti lisisingiziwe.

Sasa sikiliza. Mwalimu wa darasa la kwanza hafiki kwa watoto na maneno yake mfukoni. Anayakuta maneno kwao. Nenda porini na baba zao, kwenye mizinga. Usiende mara moja kama mkaguzi, nenda kila wiki. Sikia wanavyouita mzinga, moshi, nyuki mwenye hasira, kisha rudi na maneno hayo uyaandike kwenye ungo. Mtoto akishajua kwamba herufi zinaweza kubeba jambo la nyumbani kwao, Kiswahili kitakuja nyuma yake chenyewe. Hivyo ndivyo nilivyofanya hapa kwa Kinyiramba, wakati wenzangu walikuwa wakiwakaririsha watoto kama kasuku.

Na jambo la pili. Mtoto akikwama kwenye neno, usimchape wala usimsomee. Mwambie alipite, aendelee mbele, atalirudia akishapata nguvu. Anayesimamishwa kwenye neno moja anajifunza kuogopa tu.

Sina wasiwasi nawe. Nimefundisha walimu wengi, wewe ndiye niliyekufundisha ukiwa bado mgongoni.

Mama yako na mwalimu wako,
Dorika


Rungwa, 6 Juni 1937

Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Hamjambo huko? Mlenda umefika, nimeula kwa uchoyo bila kumwambia mtu. Pamoja na barua hii nakuletea ile ya kwanza, nimeiandika upya. Tazama mikia ya g.

Mama, ulisema kweli. Kila Jumamosi naondoka na warina asali, tunakwenda mbali, wanapanda mitini na mienge ya moshi nami nipo chini nauliza kila kitu kinaitwaje mpaka wamenipa jina la Bwana Hiki-Nini. Jumatatu nikaandika neno la mzinga kwenye ungo, nikalikata vipande, na darasa zima likalisoma kwa pamoja. Kuna mtoto anaitwa Theresia, baba yake ndiye anayenitembeza porini. Huyo alilisoma, akaufunika ungo kwa mikono asije mwenzake akautikisa.

Sasa tumeingia kwenye Kiswahili, maneno mafupi mafupi. Theresia anasoma mstari mzima. Mkaguzi na aje.

Porini ndorobo ni wengi, wale nzi wakubwa, wanauma hata juu ya shati. Mmoja aliniuma shingoni pakavimba kama jipu. Baba Theresia akanibandika majani, likapona. Homa inakuja na kuondoka, usihangaike.

Mwanao,
Simeoni


Rungwa, 22 Agosti 1937

Mama,

Shikamoo. Hujambo mama. Mimi sijambo kidogo. Shikamoo mama.

Watoto wanasoma. Usiku usingizi haunijii na mchana unanikamata nikiwa nimesimama. Jua linanipiga sana. Juzi nilimpiga Urbano, mtoto mdogo, alikuwa hakukosa kitu, hata sasa sijui mkono wangu ulikwendaje. Nililia mbele yao.

Nilikuwa na habari ya kukuambia, imenipotea. Watoto wanasoma mama. Mistari inaniinamia. Watoto wanasoma.

Mwanao
Simeo


Ulemo, 25 Septemba 1937

Simeoni,

Salamu.

Barua yako nairudisha. Nimeona haya hata kuishika. Mistari inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, jambo moja umelisema mara tatu, na jina lako mwenyewe hukulimaliza. Chupa ya wino mwekundu imekaribia kwisha kwa karatasi moja.

Ningalinyamaza kama ungalikuwa mwandiko tu. Lakini kuna mchungaji amepita huko akienda Itigi, naye anasema alikukuta umelala juu ya meza saa ya masomo, watoto wako nje wakirushiana majivu. Wazee hapa wameanza kuulizana kama ni pombe ya asali. Wananiuliza kwa upole, na upole huo unaniumiza kuliko matusi.

Miaka yote nimewaona walimu wa namna hii. Ukiwa karibu nao ni hodari. Wapeleke mbali na macho, wanajilegeza. Sikujua kwamba nilimzaa mmoja. Na kumpiga mtoto aliyekuwa hana kosa, Simeoni, hilo sikukufundisha mimi.

Mwalimu akisinzia, darasa limekufa. Iandike barua hii upya, safi, mistari iliyonyooka. Mpaka nitakapoipata hiyo usiniandikie nyingine.

Mwalimu Dorika


Rungwa, Oktoba

Mwalimu

Mama. Shikamoo.

Nimepata barua nyekundu. Naandika upya. Mkono haukubali. Theresia ananishikia karatasi.

Si pombe mama.

Ni usingizi. Nitaandika upya kesho.

Mwana


Ulemo, 18 Novemba 1937

Mwanangu, mwanangu Simeoni,

Kama kuna mtu hapo karibu anayeweza kukusomea haya, akusomee polepole.

Barua yako ilipofika niliichukua kalamu nyekundu, nikaketi. Nilivyo mjinga. Nikatafuta pa kuanzia nisipaone. Ndipo nikatoa barua zako zote nikazipanga mezani, kama ninavyopanga vibao vya watoto ninapowaonyesha walimu jinsi mwandiko unavyokua. Mtoto huanza na herufi kubwa zinazoanguka, kisha zinasimama, kisha zinashikana mikono na kukaa kwenye mstari. Njia hiyo naijua kama njia ya kisimani. Wewe, mwanangu, unaipita ukirudi ulikotoka. Ile ya Oktoba ni ya mtoto aliyeanza shule juzi.

Nikazibeba mpaka kwa Petro, dresa wetu wa zahanati. Akasoma pale pa ndorobo, akasoma pale pa jipu la shingoni, akazikunja. Akasema, "Mama, mwanao hanywi. Hiyo ni malale, ugonjwa wa ndorobo. Apelekwe kwenye sindano upesi, kama muda bado upo."

Mimi ndiye niliyekutuma porini kila wiki. Wewe ulikwenda kwa sababu nilisema. Halafu uliponiandikia kwamba unaumwa, nilikusahihisha. Mtu mwingine yeyote asiyejua hata a, mama yeyote wa hapa Ulemo anayesomewa barua na jirani, angesikia kwamba mtoto wake anakufa. Mimi nililiona kosa la mstari.

Nimeomba ruhusa, na wakikataa nitaondoka hivyo hivyo. Natoka hapa mpaka Singida, naingia garimoshi hadi Manyoni, kisha Itigi, na kutoka Itigi lori lolote. Damari ananipikia vya njiani naye analia. Usijaribu kuandika. Lala mpaka nije.

Mama yako


Itigi, 12 Desemba 1937

Simeoni.

Mimi ni mama.

Mama yuko Itigi.

Mvua ni kubwa. Lori limelala.

Mama anakuja.

Lala, mwana. Kulala si kosa.

Kosa ni la mama.

Unisamehe.

Mama


Rungwa, 9 Januari 1938

Mwanangu Simeoni,

Nimezoea kuanza kwa kuuliza hali, na mkono wangu umeandika "hujambo" mara mbili nikafuta. Hii haina posta ya kuipeleka. Naiandika kwa sababu nina deni la maneno kwako, na sijui njia nyingine ya kusema na wewe ila karatasi.

Nilikaa Itigi nikitazama mvua mpaka nikaichukia. Dereva mmoja aliyetoka kwenu aliniambia kwamba mwalimu wa Rungwa bado yu hai lakini hasomi tena, hata jina lake akionyeshwa anatabasamu tu. Usiku ule ule alipatikana mwendesha baiskeli wa posta aliyesema atajaribu kupita. Basi nikakuandikia kama ninavyoandika ubaoni kwa wanaoanza, herufi kubwa, maneno mafupi. Nilijiambia kwamba kama umerudi mwanzo wa njia, mimi ndiye mwenye kazi ya kukupokea hapo. Sina kazi nyingine duniani ninayoijua vizuri kuliko hiyo.

Maji yalipopungua nikafika. Baba Theresia alinipokea barabarani, akauchukua mzigo wangu kwanza ndipo akasema, "Pole, mama. Mwalimu tumeshamzika." Nikamfuata. Sikulia mpaka nilipouona ungo umetundikwa ukutani kwako, umefutwa vizuri.

Wamenieleza yote. Mkaguzi alikuja mwezi wa Novemba, wewe umelazwa ndani, watoto wakasimama wenyewe wakasoma mbele yake, Theresia akiwaongoza kwa kijiti. Alishangaa. Akaahidi kutuma gari la kukupeleka kwenye sindano, mvua ikalitangulia. Shule imebaki, mwanangu. Wazee wa misheni wameniandikia kunipongeza kwa mwalimu niliyemlea. Nilidhani siku hiyo nitafurahi. Moyo wangu umevunjika na hakuna kipande ninachokitaka.

Barua yangu ya Itigi ilikufikia siku tatu kabla hujafa, nayo hukuweza kuisoma. Wao ndio waliisoma. Watoto wako walikaa kwenye kitanda chako na chini kandokando yake, Theresia akakusomea, maana maneno yalikuwa ya kiasi chao. Anasema ulikuwa umefumbua macho, na aliposoma kwamba kulala si kosa ulivuta pumzi ndefu ukageukia ukuta. Nilimshukuru Mungu kwa hilo. Kisha nikamwomba anisomee na mimi, nisikie ulivyosikia.

Alisoma vizuri sana. Hakukimbia, hakukariri, kidole kilikuwa chini ya kila neno kama ulivyofundishwa nami ukawafundisha. Akafika kwenye "Kosa ni la mama." Hapo akainua kidole, akakishusha kwenye neno la mwisho, akasoma, "Mama." Akakunja karatasi.

Nikamuuliza, "Na hili katikati?"

Akanitazama kama mtoto asiyeona kosa lake. Akasema, "Hilo ni refu, hatujalifikia. Mwalimu alisema neno likitushinda tulipite, tutalirudia."

Simeoni, ni mimi niliyesema hivyo. Nimewaambia walimu wote waliopita mikononi mwangu. Na nimewaambia pia wasimpe kamwe anayeanza neno asilofundishwa, nami siku ile moja niliyokuwa nakuandikia wewe nilisahau, kwa sababu nililitaka sana neno hilo. Ulikwenda bila kulisikia.

Chupa ya wino mwekundu niliimwaga Itigi. Barua yako ya Oktoba ninayo hapa, na itakaa ilivyo.

Mwalimu mpya hajapatikana, kwa hiyo darasa ninalo mimi. Kikimbu sikijui, watoto wananicheka, nami nakwenda kwa baba zao kuuliza kila kitu kinaitwaje, ila nakwenda nyumbani mwao, siwapeleki porini walimu tena. Wiki nzima hii nimekaa na Theresia kwenye ungo na neno hilo. Tuliandika kipande cha kwanza, akakisoma, tukautikisa. Tukaandika cha pili. Sikumharakisha. Jana alivisoma vyote kwa pamoja, akakwama, akarudia, akalipata.

Leo asubuhi nimempeleka kaburini kwako na barua ile ya Itigi. Amesimama upande wa kichwani, akaisoma yote tangu mwanzo kwa sauti ya darasani, na safari hii hakuruka neno.

Mama yako,
Dorika