Mama Mkwe Kwenye Kioo cha Lori

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kibarazani na goti limetulia, maana Mama aliniambia siku hizi linakusumbua ukipanda ngazi. Goti hilo ni la klachi, Baba, si la uzee, mtu asikudanganye. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni nina hasira, ila ni hasira inayonilaza vizuri na kuniamsha mapema.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, nami huwa naogopa kikohozi chako. Najua umeshasikia kwamba nimesimamishwa kazi, na kwamba ni mambo ya kamera. Nimeambiwa pia ulisema, "Si nilimwambia aibandike plasta?" Sikuibandika. Naomba unisikilize hadi mwisho.

Kamera yenyewe ni ndogo kama kiberiti, imegandishwa kwenye kioo cha mbele. Ina macho mawili: moja linatazama barabara, jingine linamtazama dereva. Madereva waliiita Mama Mkwe, kwa kuwa haikosi neno la kusema na huwezi kuifukuza. Ukipiga mwayo, inalia. Mwenzetu mmoja anayependa kuimba, kamera iliandika kwamba amepiga miayo sitini na miwili kwa siku moja. Mwingine alijikuna sikio, akaitwa ofisini aeleze kwa nini anaongea na simu. Tulicheka, lakini watu waliumia. Mzee Gia, yule uliyemfundisha mwenyewe kurudisha tela nyuma, alisema miaka thelathini hakuna bosi aliyewahi kumkodolea macho kutwa, sembuse kidude. Wengi wakabandika plasta.

Mimi niliikasirikia kuliko wao, kwa sababu wao hawajui maana ya mwanamke kutazamwa kutwa na watu asiowaona. Nilimwomba afisa usalama izimwe gari likiwa limeegeshwa. Akasema haizimiki. Basi nikajiwekea sheria yangu: nikipumzika naifunika kwa mtandio, gari likitembea naifunua. Nimeandikiwa onyo mara mbili kwa ajili ya mtandio huo, na mtandio bado ninao.

Kilichonizuia kubandika plasta ni simu. Pale yadi, ukutani, kuna kanuni za usalama kwa herufi nyekundu. Dereva asizidishe saa nne za kuendesha bila kupumzika nusu saa. Dereva asishike simu njiani. Sasa anayetupigia simu njiani ni nani? Ni meneja wa safari mwenyewe. Mteja anasubiri, umefika wapi, mbona umesimama. Ukipokea, kamera inakushtaki. Usipopokea, ofisi inakushtaki. Lakini kwenye mafunzo tuliambiwa Mama Mkwe ana masikio pia, anarekodi sauti. Nikaanza mchezo wangu. Meneja akipiga, naegesha, naiacha kamera wazi, naweka simu kwenye spika na kumwachia aseme yote, kisha nataja saa na mahali nilipo. Mkuki kwa nguruwe, Baba.

Ndipo ikaja ile siku ya mzigo wa vigae, siku niliyokuambia tairi lilipasuka.

Siku tatu baadaye niliitwa ofisini. Meneja alikuwa mpole kuliko kawaida, hata kiti alinivutia. Mezani kulikuwa na karatasi iliyokwisha kuandikwa, inayosema kwamba siku ile mimi, kwa hiari yangu, nilikataa kupumzika. Alinieleza kwamba kuna picha yangu ya siku hiyo, picha mbaya. Nikisaini, picha itabaki kwenye droo na mimi nitabaki kwenye lori. Nilimjibu kwamba picha siikani, ila dakika arobaini kabla yake kuna mazungumzo, na mazungumzo hayo yana sauti yake. Akasema mtambo hauhifadhi sauti. Afisa usalama alikuwa amekaa karibu na dirisha, mtu mzima mwenye watoto wanne na kazi moja.

"Sauti ipo," alisema, bila kunitazama mimi wala bosi wake. "Nimeisikiliza mara mbili."

Meneja aligeuza karatasi inielekee. Alinisogezea kalamu. "Unasaini au husaini?"

"Sisaini."

Nikapewa barua ya kusimamishwa siku sitini. Kesho yake asubuhi, madereva walipokusanyika yadi kugawiwa safari, nami nilikwenda. Nilisimama kwenye kipandio cha lori langu nikawaeleza kilichomo kwenye picha ile, chote. Kwa hiyo watu baki wamejua kabla yako, na hilo ni kosa langu la pili. La kwanza ni hili.

Tairi halikupasuka, Baba. Nilisinzia.

Ilikuwa siku yangu ya tano mfululizo barabarani. Saa nne zilikuwa zimetimia, nimeshaegesha nipumzike, meneja akapiga akaniamuru niendelee, nikapumzike nikifika. Na mimi, pamoja na ujeuri wangu wote, nikamtii. Dakika arobaini baadaye macho yangu yalifumba kwa sekunde nne. Niliamshwa na kokoto zikigonga chini ya gari, na mbele yangu kuna mtu anasukuma baiskeli yenye madumu ya maji. Nilikata usukani. Nilimpita kwa urefu wa mkono. Aliiachia baiskeli akakaa chini, maji yakimwagikia miguuni. Niliposhuka, aliniuliza jambo moja tu.

"Dada, uliniona?"

Nikamwambia, "Nilikuona."

Wewe ulinilea kwa kauli kwamba dereva hodari hasinzii. Nakuheshimu, lakini kauli hiyo si ya kweli, na nimechoka kuibeba. Nilipomaliza kusema pale yadi, Mzee Gia alivua kofia akasema yeye amesinzia mara mbili mwaka huu, na hata mkewe hajui. Kisha akapanda kwenye lori lake akabandua plasta. Tangu siku hiyo saa nne zikitimia wanaegesha, wote thelathini na mmoja, simu ilie isilie. Meneja ametishia, amebembeleza, ametishia tena. Malori yanaegeshwa.

Juma lililopita nilipanda basi hadi kule nikamtafuta yule bwana. Nilimkuta nje ya nyumba yake akiziba pancha. Nilimwambia sikumwona, na kwamba nilimdanganya, kisha nikamweleza kwamba nimesimamishwa na nimepeleka shauri kwenye ofisi ya kazi ya serikali. Alimaliza kuziba, akajaza upepo, akalizungusha gurudumu kuona kama limenyooka. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuomba. Aliuliza shauri langu litasikilizwa lini kwenye ofisi ya kazi. Nikamwambia Jumatano. Akasema atakuja, na atakaa mbele kabisa, meneja apate kumtazama vizuri.

Huenda lori nisirudishiwe. Huenda wakanipokonya na leseni. Lakini Jumatano nitasema kwamba nilisinzia, na nitasema nani aliniamuru niendeshe, na sitaacha moja ili nipewe nafuu kwenye jingine. Habari zako za barabarani sikuulizi, Baba. Siku ukitaka kuzisema, nitakuja tukae, na sitakukatiza.

Mpe Mama salamu zangu, mwambie nakula na kulala. Wasalimie wote wanaoniulizia. Wale wanaosema nimeharibu kazi kwa mdomo, wasalimie mara mbili.

Ni mimi, mtiifu kwako ila si kwa kila mtu,

Binti yako, dereva.