Benchi la Msasa Alilonipa Kaka

Chumba cha nyuma, nyumba ya fundi saa
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mgongo wa Shemeji umepoa? Na wanangu wawili, bado wanagombania kiti cha dirishani? Mimi nipo, napumua, ingawa kwa mdomo.

Usicheke. Yale mafua niliyokuandikia mwaka juzi hayajaondoka. Pua imeziba, uso unauma kama nimepigwa ngumi chini ya macho, na harufu sizisikii kabisa. Mwezi jana maharage yaliungua hadi jirani mwenye saluni akaja kugonga mlango. Nilikuwa nimekaa hapohapo jikoni, nashona kifungo!

Kule karakana ya samani nako, Kaka alikuwa akinitania mbele ya mafundi: "Kitindamimba wetu huyu, kudeka tu." Nikacheka nao, nikaendelea kupiga msasa vitanda na meza, vumbi la mbao limenijaa hadi kwenye kope.

Hatimaye nikaenda kwa daktari wa pua na koo. Nilidhani nina ugonjwa wa ajabu, kumbe nusu ya foleni ni wenzangu. Alisema ni uvimbe wa sainasi, yaani yale matundu ya ndani ya uso yanayozunguka pua. Ukizidi miezi mitatu ni sugu, na wanaoishi nao ni wengi mno. Wengine wana mzio au pumu, wengine wameota vinyama puani, wengine mfupa wa pua umepinda, wengine ni moshi wa sigara. Kisha akauliza, "Wewe kazi yako nini?" Nilipomjibu, akaweka kalamu chini, akasema vumbi la mbao nalo huleta ugonjwa huu.

Kesho yake nikamsimulia fundi wa vanishi. Akanitazama kwa huruma. "Si yaleyale ya kaka yako? Alikaa kwenye benchi hilo lako la msasa miaka minne. Daktari alipomkataza vumbi ndipo akaomba ofisi, akasema ana mtu wa kushika nafasi yake."

Dada, mtu mwenyewe ni mimi. Na tulivyomshukuru! Mama alimwombea dua nzima kwa kunitafutia kazi.

Nikamfuata ofisini. Dirisha limefungwa, meza inang'aa, dawa yake ya kupuliza puani iko kando ya simu. Sikupiga kelele. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, hata nijifunge barakoa tu. Akajibu bila kuinua macho, "Ningekuambia, ungeikubali kazi?"

Nilivua aproni nikaiacha juu ya karatasi zake. Sijarudi.

Sasa nasafisha pua kwa maji ya chumvi, natumia dawa, na maumivu yamepungua. Harufu bado. Jana nilimpakata mtoto mchanga wa jirani, nikamnusa shingoni. Hakuna kitu.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni neno alilonitupia Kaka siku ile nikiwa mlangoni pa ofisi: "Hata Dada Mkubwa alijua." Wewe ndiye uliyenipigia simu mara tatu kunisihi niende kuishika kazi ile. Najitahidi kuamini kwamba anakusingizia, na siku nyingine naweza. Mama sijamwambia. Niandikie kwa mkono wako mwenyewe, usimtume Shemeji: ulijua?

Msalimie Shemeji, nibusie wanangu, na Shangazi mwambie mtandio wake umefika salama. Mungu awafunike kwa afya, nyote humo ndani.

Akupendaye bado,
Kitindamimba