Magoti ya Mzee Nukta

Chumba cha kufulia,
Jumatatu, mapumziko ya mchana

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Mama, na cherehani pia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umeoga, ingawa kwa hilo la mwisho sina hakika sana. Mama hajambo? Mguu wake bado unavimba akikaa sana kushona? Mwambie nimesema apumzike kila akimaliza nguo moja. Najua hatasikia, lakini mwambie hivyo hivyo, ili nami nionekane nimesema.

Mimi mwilini mzima, isipokuwa mgongo ambao nitakueleza. Usishangae kuona karatasi. Nafikiri barua yako ya mwisho ya mkono ni ile ya mwalimu mkuu ya kumwita Mama shuleni, ukaificha ndani ya kiatu. Hii nayo ifiche. Isome peke yako kwanza, mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe utamsomea Mama kiasi gani.

Kimya changu cha miezi kumi na moja kimewaumiza, na sina haki ya kulalamika kwa lolote mlilolisema juu yangu. Barua zote za kwanza, zile zilizosema kazi ni nzuri na wenzangu ni wacheshi, zilisomwa na Msimamizi kabla hazijatoka. Ile picha niliyosimama kwenye mlango wa kioo aliipiga yeye, akaniambia nitabasamu kidogo zaidi. Nikachoka kuwadanganya, nikaacha kuandika. Niliona afadhali mnichukie kuliko mnifurahie bure.

Sasa nikuelezee mahali nilipo. Jengo letu lilikuwa duka la fanicha zamani, na sakafuni bado pana alama za miguu ya makabati. Tunafanya kazi ghorofa ya kwanza, tunafua ya pili, tunalala ya tatu. Madirisha yamebandikwa karatasi nyeupe, kwa hiyo mchana tunaujua kwa weupe wake tu. Pasipoti zetu zilichukuliwa siku ya kwanza kwa ajili ya usajili, na usajili huo sasa unaingia mwaka wa tatu haujaisha. Mlango wa chini una mlinzi mpole anayeniuliza habari za asubuhi kila siku, na hajawahi kunifungulia hata mara moja.

Kazi yangu ni kutafuta waandishi wa programu. Nyumbani nilisema naandika programu mwenyewe, na ndivyo nilivyoahidiwa. Hapa nimewekewa majina manne ya bandia, na kwa majina hayo nakaa kutwa kwenye makundi ya mtandaoni ambako vijana wanaulizana juu ya kompyuta. Ndiyo maana wanachukua watu wanaoijua kazi: asiyejua atagundulika kwa swali la pili. Anayejua sana hatuhangaiki naye, huyo ana kazi tayari na ana maringo. Tunamsubiri yule aliyeuliza swali akachekwa. Akishachekwa, namwandikia pembeni, namweleza taratibu kosa lake liko wapi, na kumwambia kwamba hata mimi nililifanya kosa hilo hilo. Wiki sita nzima ni marufuku kutaja ajira. Kila ninayemwandikia ana daftari lake, naandika humo mama yake anaumwa nini, mtihani wake ni lini, ana hofu na nini, ili nisisahau kumuuliza. Ukiwa na kumbukumbu nzuri watu wanakuamini upesi sana.

Wanaokuja hupelekwa ghorofa ya nne. Huko wanatengeneza maduka ya mtandaoni yasiyo na bidhaa hata moja, na kurasa zinazofanana na za benki, ili watu waandike humo namba zao za siri. Mtu anapokuja kujua anachotengeneza, pasipoti yake tayari iko kwenye usajili. Nimewaleta watano. Nawasikia wakishuka ngazi kwenda kula, na mimi huwa nachelewa kwenda ili tusikutane.

Muda umekwisha, kengele inalia. Nitaendelea kesho.

Jumanne. Nimepata dakika kumi. Mama Sabuni, anayekuja kutufulia mashuka, anasimama mlangoni akijifanya anakunja. Yeye ndiye atakayeitoa barua hii kwenye ndoo yake. Nilipomshukuru alisema nisimshukuru, niandike haraka.

Utajiuliza kwa nini sikukupenyezea neno moja kupitia mtandao, na mimi niko kwenye mtandao kutwa. Unakumbuka ukiandika programu kubwa, mwenzako huipitia kabla haijatumika? Hapa wameigeuza desturi hiyo kuwa kufuli. Kila ninachoandika husomwa kwanza na anayekaa kiti cha jirani, naye akikubali ndipo kinakwenda. Tunamwita Jicho. Jicho ni msichana mzuri tu, na mimi nasoma vya kwake vile vile. Akipitisha neno baya tunaadhibiwa wote wawili, kwa hiyo hapitishi, na simlaumu.

Kuna sheria moja ya kutokea. Mtu akileta mwandishi wa programu mwenye lugha ya upole, anayeweza kukaa kwenye kiti chake na kuifanya kazi yake, anarudishiwa pasipoti siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe niliingia kwa njia hiyo. Aliyenileta alikuwa rafiki yangu wa kundini, miezi minne tuliandikiana, nilimpenda kama ndugu. Nilipofika nikamkuta amesimama kando ya kiti na begi mkononi. Hakuniangalia usoni. Alinipa mto wa kukalia, akaniambia kiti kile kinaumiza mgongo, akaondoka. Nimeukalia mto huo mpaka umekuwa mwembamba kama shuka.

Msimamizi aliniahidi kwamba wa sita atakaa kwangu. Na wa sita nilikuwa naye. Alikuwa kijana mmoja aliyejiita Panya wa Dari.

Najua hapo umeiweka karatasi chini. Iokote, mdogo wangu, endelea.

Ndiyo, Mzee Nukta ni mimi. Yule mzee mstaafu mwenye subira, mwenye magoti mabovu, ni dada yako. Magoti yangu ni mazima. Niliyabuni siku moja ili nieleze kwa nini nakaa kwenye kompyuta kutwa, nawe ukanitafutia mazoezi sita ya kunyoosha miguu, ukaniuliza kila Ijumaa kama nimeyafanya. Nilikuwa nadanganya kwamba nimeyafanya. Jicho alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu, nami nacheka naye, sikujua nakucheka wewe.

Nakuapia kwamba kwa miezi saba sikujua. Hukuwahi kutaja mji wala jina, na hata sisi tumefundishwa tusiulize, maana anayeuliza sana anatia shaka. Uliwahi kumwambia Mzee Nukta kwamba una dada aliyekwenda mbali, akapata kazi ya maana, akawasahau. Niliisoma sentensi hiyo nikasikitika juu ya dada wa mtu. Nikakuandikia kwamba pengine ana sababu zake. Ukajibu kwamba sababu ni kiburi, alikuwa nacho tangu mdogo. Nikaandika kwenye daftari lako: ana uchungu na dada yake, mguse hapo.

Halafu nikakuomba uniletee kazi yoyote uliyoitengeneza kwa mapenzi yako, ili waajiri waione. Ukaleta ile programu ya vipimo vya wateja wa Mama. Nikaifungua. Bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Na mwisho wa kila mteja, sehemu moja tupu ambayo programu haiitumii kabisa, umeiita nafasi ya kunenepa.

Hakuna fundi mwingine duniani aliyesema hivyo isipokuwa baba yetu. Vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono, hata kwa mteja mwembamba kama uzi, na mteja akilalamika anamwambia hiyo ni nafasi yake ya kunenepa, Mungu akipenda. Nikaona mkono wake na chaki. Nikakuona wewe chini ya meza ukiokota vifungo. Jicho akaniuliza kama kazi ya kijana ni nzuri. Nikamwambia ni nzuri sana.

Jumatano. Leo lazima nimalize, na lililobaki ndilo gumu.

Nilikutambua siku ya Jumanne ya wiki ile. Barua ya kukusifu, ile iliyosema wakubwa wameipenda kazi yako na wanakuandalia mkataba, ilitumwa kwako Alhamisi. Hesabu mwenyewe siku hizo. Nilijua ni wewe, na niliituma.

Sitaki kuipamba. Nilikaa siku mbili nikijisemea kwamba wewe ni kijana, mgongo wako ni mzima, utavumilia mwaka mmoja kisha utampata wa kwako. Nilijisemea kwamba nikitoka nitapiga kelele nje mpaka wakutoe. Nilifika mahali pa kuwaza nikupe ule mto au nikununulie mpya. Nilikuwa nataka sana kutoka, mdogo wangu. Nilikuwa nataka kuona mtaa bila karatasi dirishani. Nikakuweka wewe upande mmoja na mlango upande mwingine, nikachagua mlango.

Ukajibu Ijumaa. Ulimshukuru Mzee Nukta, ukamuuliza habari za magoti, kisha ukasema unaukubali mkataba, lakini una ombi moja. Mji wa ofisi ndio mji aliokwenda dada yako. Mshahara kwako si kitu, ulisema, ila unataka kumtafuta. Ukaeleza kwamba Mama hushona gauni moja kila mwaka kwa vipimo vyangu vya zamani na kulitundika ukutani, na wewe umechoka kuyatazama. Ukamuomba Mzee Nukta, kwa vile anaujua mji, akusaidie kunitafuta.

Nilishindwa kuandika. Jicho akadhani naumwa, akaniandikia jibu yeye, na mimi nikalipitisha. Lilisema: Usijali mwanangu, nakuahidi tutampata.

Basi umeshanipata. Usije.

Sasa sikiliza vizuri. Mzee Nukta amekuambia usubiri mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu mkubwa yuko safarini. Hakuna mkubwa aliye safarini. Nilimshawishi Msimamizi kwamba kukungojesha kidogo kutakuongezea hamu, na yeye akaona nimekomaa kikazi. Nilikuwa naitafutia barua hii siku za kufika. Ukiipata, mwandikie Mzee Nukta kwa adabu ile ile ya siku zote kwamba umeghairi, kwa sababu Mama bado anahitaji mtu wa kumshikia chaki. Andika hivyo hivyo, chaki. Jicho ataona ni habari za cherehani tu, na mimi nitajua umeisoma barua. Usinitukane wala usiulize lolote kuhusu barua hii, na usiwaonye wenzako kundini mpaka mwezi upite, au wakubwa wa hapa watajua nani amevujisha. Nyuma ya karatasi hii nimechora jengo, mtaa na mlango wa nyuma wa kufulia. Mchoro huo wapelekee wanaoshughulikia watu wetu walio nje ya nchi. Wapelekee wao. Usiulete huku mwenyewe.

Jambo la mwisho ni hili. Mtu akikataa, kazi inanitaka nimbembeleze mara tatu. Kwa hiyo Mzee Nukta atakuandikia tena. Atakuwa mpole kuliko ulivyomzoea, na atakugusa pale pale alipoandika kwenye daftari. Mara ya pili atakuambia amesikia habari za dada yako. Mara ya tatu, namfahamu Msimamizi, atakuambia dada yako anaumwa na anakuita. Maneno yatakuwa yangu, nitayaandika kwa mkono wangu, Jicho akiwa pembeni, na nitayaandika vizuri maana sijui kuyaandika vibaya. Ukatae mara zote tatu. Hata ukisikia sauti yangu ndani yake, hasa ukiisikia, kataa.

Mama Sabuni amekohoa. Nisalimie Mama. Mshike ule mguu mbaya kwa niaba yangu. Mwambie gauni la mwaka huu aliongezee kiunoni, nimenenepa kidogo kwa kukaa. Cherehani nayo itie mafuta, najua hujaitia.

Nakusalimu kwa mapenzi yote, na usiache kumuuliza yule mzee habari za magoti yake. Ataendelea kukuambia anafanya mazoezi. Safari hii itakuwa kweli.

Ni mimi dada yako,
mwenye kiburi tangu mdogo